Dola 6,000 kwa Wiki? Soma Hadi Mstari wa Mwisho

Wasee, hii post nimeikalia karibu mwezi mzima, na sababu ni aibu. Haya maneno yote yalianzia kwangu.

Binamu yangu anaendesha lori la friji huko Marekani. Wenyewe huliita rifa, lile trela refu jeupe lenye mashine ya baridi imefungwa pale mbele. Siku moja nilimuuliza, vile tu watu huuliza, "Kwani nyinyi hulipwaje huko?" Akanitumia skrinishoti ya karatasi yake ya malipo ya wiki. Mstari wa kwanza ulikuwa dola 6,000. Sikufika wa pili. Nilifunika jina lake, nikaweka ngoma kali, nikaandika "Hii ni wiki moja tu," nikapost.

Si unajua vile hukuwa. Watu walipiga hesabu hapo hapo: ukibadilisha kwa shilingi, hiyo ni zaidi ya laki saba. Kwa wiki! Inboksi ikajaa. "Buda, nipe konekshen." "Niko na leseni ya lori, nianzie wapi?" Msee mmoja akaniambia ameanza kutafuta mtu wa kununua pikipiki yake ndio apate pesa ya ajenti. Na mimi nilikuwa najibu na emoji za moto tu, juu video ilikuwa inaenda.

Halafu shosho akalazwa. Bili ikaletwa kwa grupu ya familia. Anko mmoja, ambaye sijui hata aliona video wapi, akaandika orodha ya nani atoe ngapi. Binamu aliwekewa laki mbili bila kuulizwa. "Huyo ni siku mbili tu za kazi," anko akasema. Binamu akatuma elfu ishirini. Hakuna mtu aliandika kitu, ile kimya ya familia unaijua. Kesho yake mama yake, anti yangu, akatoka kwa grupu.

Usiku huo binamu alinipigia. Hakupiga kelele, na hiyo ndio iliniuma zaidi. Aliniambia, "Umeonyesha watu pesa inayopita kwangu. Sasa waonyeshe inayobaki."

Basi ndio hii. Amenikubalia nitumie namba zake mradi nisitaje kampuni wala mahali anaishi. Nimezifanya ziwe nzima nzima ili tusisumbuane na senti.

Ningeuliza kitu kimoja tu

Kuna takwimu ya serikali ya Marekani yenyewe ambayo ningeitafuta kwa dakika mbili kabla nipost. Kwa mwaka 2023, dereva wa lori kubwa aliye katikati kabisa, yaani nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu wanapata chini, alipata dola 54,320 kwa mwaka. Hiyo ni madereva wa malori makubwa wote, si wa friji peke yao. Gawanya kwa wiki 52 unapata kama dola 1,045, kabla ya kodi.

Sasa dola 6,000 kwa wiki ni zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka. Mtu mwenye akili timamu angeuliza: huyu binamu yako ni nani, rubani? Mi sikuuliza. Niliona namba ninayoipenda nikafunga macho.

Na hapa ndipo nataka tubishane. Nafikiri swali letu la "analipwa ngapi" limetupoteza sana. Swali la kwanza lilipaswa kuwa analipwa kwa kipimo gani. Kwa saa? Kwa maili? Kwa asilimia ya mzigo? Na nani analipa dizeli? Madereva wawili wanaweza kuwa na lori la aina moja, mzigo mmoja na barabara moja, halafu mmoja aende nyumbani na pesa mara tatu ya mwenzake, au mmoja aende na deni.

Jam haina mshahara

Madereva wengi wa safari ndefu walioajiriwa na kampuni hulipwa kwa maili. Maili moja ni kama kilomita 1.6. Tuseme bei ni senti 60 kwa maili. Ukiendesha maili 2,500 kwa wiki, umepata dola 1,500. Si mbaya. Kwa ground, mwendo wa wastani ukiwa maili 55 kwa saa, hiyo ni kama saa 45 za kuendesha.

Lakini kazi haikuwa saa 45. Ukaguzi wa lori asubuhi, kuweka mafuta, kuosha trela, kusubiri kupakia, kusubiri kupakua. Hizo zikifika saa 20, na kwa rifa zinafika haraka, zinafanywa bure. Ni kama dere wa matatu anayelipwa kwa idadi ya trip. Jam ya Mombasa Road ikimshika saa mbili, hiyo ni shida yake na Mungu wake.

Sasa mbona nasema kwa rifa ni noma zaidi? Kwa sababu chakula hakina haraka na wewe ila wewe uko na haraka na chakula. Chukua safari ambayo madereva wa friji wanaijua sana: mboga kutoka bonde la Salinas, California, mpaka soko la Hunts Point pale Bronx, New York. Ni kama maili 2,900. Hiyo ni karibu mara kumi ya Nairobi hadi Mombasa. Kwa senti 60 safari hiyo ni dola 1,740, na ukisikia hivyo unaona maisha yamenyooka.

Lakini kabla uanze safari, lazima trela lipoe kwanza. Lazima liwe safi, juu kama lilibeba nyama jana na linanuka, hakuna mtu atakuwekea sukumawiki zake ndani. Mara nyingi mzigo haupakiwi mahali pamoja. Unachukua lettuce kwa ghala hili, brokoli kwa lile, unaenda kusubiri stroberi kwa la tatu, na labda stroberi bado ziko shambani. Kila mahali unapima joto la mzigo wenyewe kwa kipimajoto cha kudunga, kwa sababu ukikubali mzigo ulio na joto, ukifika New York umeharibika, lawama ni yako. Mboga nyingi za majani zinataka kama nyuzi 1 au 2 za Selsiasi. Ndizi ukiziweka baridi hivyo zinageuka nyeusi, zinataka kama 13 au 14. Aiskrimu inataka baridi ya kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Dereva ndiye anajua haya yote, halafu hizo dakika zote za kujua hazilipwi, juu hakuna maili imesonga.

Ukifika, unapewa saa yako ya kupakua. Inaweza kuwa saa nane usiku. Ukichelewa dakika chache unaweza kuambiwa urudi kesho. Ukiwahi, bado unasubiri. Kuna wapakuaji wa ghala wanaolipwa kushusha mzigo, wanahesabu boksi moja moja, na wewe umelala kwa usukani ukisikiliza friji ikinguruma nyuma yako.

Ni kweli mikataba mingi ina pesa ya kusubiri. Lakini kawaida saa mbili za kwanza ni za bure, halafu lazima uthibitishe ulifika saa ngapi na ukatoka saa ngapi, halafu kampuni ifuate pesa kwa mwenye mzigo. Pesa ikikataa kutoka huko, mara nyingi na wewe hupati.

Saa inayokimbia hata ukikaa

Kuna kitu kingine sikujua. Sheria ya Marekani inasema dereva wa mzigo aendeshe saa 11 tu, na hizo 11 ziwe ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi. Baadaye apumzike saa 10 mfululizo. Kwa siku 8 asipitishe saa 70 za kazi. Na hakuna kudanganya na kalamu kama zamani, kwa sababu tangu Desemba 2017 malori mengi ya safari ndefu lazima yawe na kifaa cha elektroniki kinachorekodi injini ikiwaka na ikizima.

Sheria yenyewe ni nzuri. Hakuna mtu anataka tani 36 zikija nyuma yake na dereva amelala. Shida ni kuichanganya na malipo ya maili. Lile dirisha la saa 14 kwa kawaida halisimami ukiwa kwenye foleni ya ghala. Ukisubiri saa sita, umebaki na saa nane za siku nzima, na hizo maili ulizopoteza huwezi kuzifidia usiku. Kwa hivyo ghala likikuchelewesha limekukata mshahara, na yule mwenye ghala hajui hata jina lako.

Mwaka 2018 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilichunguza huku kusubiri. Ilikadiria kwamba madereva wa kubeba mizigo ya watu wengine kwa trela nzima wanapoteza kati ya dola bilioni 1.1 na bilioni 1.3 kwa mwaka kwa sababu ya kucheleweshwa. Na hii ndio ilinishtua: muda wa wastani wa kukaa ghalani ukiongezeka dakika 15 tu, kiwango cha ajali kinachotarajiwa kinapanda kwa asilimia 6.2. Ukifikiria inaeleweka. Mtu aliyepoteza nusu ya siku bure, na analipwa kwa maili, atafanya nini akiachiliwa? Atakanyaga.

Utaniambia, basi si kuna ovataimu? Hakuna. Sheria yao ya kazi ya mwaka 1938 ndiyo inawapa wafanyakazi wengi mara moja na nusu wakipita saa 40 kwa wiki, lakini madereva wanaovuka majimbo wameachwa nje ya hiyo ovataimu tangu mwanzo. Kuna wabunge waliopeleka mswada wa kuifuta hiyo nafasi mwaka 2022 na tena 2023. Haujapita.

Sasa zile 6,000

Hayo yote ni ya dereva aliyeajiriwa. Binamu yangu hayuko hapo. Alikaa mwaka mmoja analipwa kwa maili, halafu kampuni ikamwambia: mbona usiwe bosi wako? Chukua hili lori, utalikodi huku ukilinunua polepole, na badala ya maili tutakupa asilimia 70 ya bei ya kila mzigo.

Ukiwa Nairobi hii kitu unaijua. Ni boda ya mkopo. Unapewa pikipiki mpya, unalipa kila siku, na jioni moja mvua ikinyesha ukose wateja, deni halijui kama kulinyesha. Ukikosa mara kadhaa pikipiki inachukuliwa, na zile ulizolipa miezi nane zimeenda nayo.

Haya, wiki ya ile skrinishoti. Maili 2,500, mizigo imelipa dola 6,000. Huo ndio mstari wangu wa kwanza, ule nilipost. Sasa twende chini.

Kampuni inachukua asilimia 30. Zimebaki 4,200.

Dizeli ya lori, dola 1,460.

Dizeli ya friji, 260. Friji iko na injini yake na tangi lake, na ingawa dizeli yake haitozwi kodi ya barabara, bado unainunua wewe.

Malipo ya lori, 900.

Bima, 200.

Pesa ya matengenezo inayowekwa na kampuni kwa kila maili, 300.

Zimebaki dola 1,080. Na hiyo ni kabla ya kodi. Halafu kwa sababu kwenye karatasi yeye ni mkandarasi na si mfanyakazi, ile michango ya uzeeni na matibabu ambayo mwajiri hugawana na mfanyakazi nusu kwa nusu, yeye anaibeba yote: asilimia 15.3 ya faida yake. Likizo ya kulipwa hakuna. Akiugua, lori halisongi, na zile 900 bado zinahesabiwa.

Kumbuka dereva wetu wa senti 60 kwa maili. Kwa maili hizo hizo 2,500 alipata 1,500 bila kununua hata lita moja ya dizeli. Huyu "bosi" amepata 1,080.

Na hiyo ilikuwa wiki nzuri.

Wiki ya shosho

Wiki ile bili ilikuja, binamu alikuwa amebeba nyama. Kwa kiwanda alisubiri saa tisa kupakia. Alipofika alikopeleka, ilikuwa Jumamosi na nafasi yake ya kupakua ikasogezwa hadi Jumatatu. Hawezi kuacha trela, hawezi kuzima friji, nyama iko ndani. Alikaa wikendi nzima kwa kituo cha malori, analala kwa kile kitanda nyuma ya kiti, anaoga kwa zamu.

Wiki hiyo alipata maili 1,400. Mizigo ililipa 3,360. Asilimia 70 yake ni 2,352. Toa dizeli ya lori 820. Toa dizeli ya friji 260, ile ile, kwa sababu friji haijali kama unasonga au umeegesha. Toa lori 900. Toa bima 200. Toa matengenezo 168.

Nifanyie hesabu mwenyewe. Mi niliifanya mara tatu.

Ni dola 4.

Sasa rudi kwa ile elfu ishirini aliyotuma kwa shosho, ile tulimcheka nayo kimoyomoyo. Aliitoa kwa akiba, wiki ambayo kazi ya siku saba ilimwachia pesa ya soda. Na sisi tulikuwa tunamwona mchoyo, kwa sababu ya video yangu.

Si yeye peke yake

Kabla useme binamu yangu alikosa akili, jua hili jambo limefika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na kesi yenyewe ilihusu kampuni kubwa ya malori ya friji kutoka Missouri. Inaitwa New Prime dhidi ya Oliveira. Dereva alidai kwamba kwa kuitwa mkandarasi alilipwa chini ya kima cha chini cha sheria. Kampuni ikataka mambo yaamuliwe faraghani, nje ya korti, kwa sababu ndivyo mkataba ulisema. Tarehe 15 Januari 2019 mahakama ikaamua, majaji 8 kwa 0, kwamba kumwita dereva wa namna hiyo mkandarasi hakutoshi kumlazimisha aondoke kortini. Baadaye pande hizo zilimalizana kwa dola milioni 28 bila korti kuamua nani alikuwa sawa kuhusu malipo yenyewe.

Na Januari 2025 kamati iliyoundwa na serikali yao kuchunguza mikataba ya kukodi malori ilitoa ripoti. Ilipendekeza hii mipango ya kukodi huku ukinunua, pale kampuni inayokupa lori ndiyo pia inakupa mizigo, ipigwe marufuku kabisa. Ni pendekezo tu, halijawa sheria. Lakini fikiria uzito wake. Kwa sababu anayeamua kama utapata maili za kutosha kulipa lori ndiye huyo huyo unayelipa lori.

Upande wa pili, na niuseme vizuri

Kuna watu wataniandikia: "Mi niko huku miaka kumi, nimejenga, nimesomesha, acha kuharibia watu." Nawaamini. Kuna Wakenya kibao wanaoendesha huko na wako fiti. Ukimiliki lori lako bila deni, ukijichagulia mizigo, ukijua ghala gani la kuepuka, asilimia inaweza kukulipa kuliko maili. Kuna pia wanaolipwa kwa saa wakipeleka chakula kwa supamaketi za karibu, wanalala kwao, na foleni ikiwa ndefu saa inaendelea kuhesabu. Na wapo wenye mikataba ya maili ambayo inalipa kila kituo na kila saa ya kusubiri bila kuvutana.

Pia watu wa kampuni husema malipo ya maili yanampa bidii mwenye bidii, juu ukilipa kwa saa kuna mtu atalala kwa maegesho. Sawa, hiyo nimeielewa. Lakini bidii gani ya dereva itafungua mlango wa ghala ambao umefungwa? Ukiwa unamlipa mtu kwa kitu anachoweza kukisukuma, hiyo ni motisha. Ukimkata pesa kwa kitu kilicho mikononi mwa mtu mwingine, umemhamishia tu hasara yako. Huo ndio msimamo wangu na sioni nikiubadilisha. Saa ya kulinda chakula cha watu ni saa ya kazi, iwe gurudumu linazunguka au la.

Kwa wale wa konekshen

Wale nilijibu na moto, samahani. Leo ningewajibu hivi.

Kabla utoe shilingi kwa ajenti yeyote, jua kwamba Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori. Mtu anayekuuzia hiyo viza, muulize anaitoa wapi. Na yule wa pikipiki, tafadhali, kaa na pikipiki yako kwanza.

Kama tayari uko huko kihalali na unataka kuingia kwa rifa, usiulize "ni ngapi kwa wiki?" Uliza hivi, na majibu yawe kwenye maandishi:

Nalipwa kwa maili, saa au asilimia, na asilimia ya nini? Bei nzima ya mzigo au baada ya kutoa vitu?

Maili zinahesabiwa kwa njia gani? Zile za kwenye dashibodi, au zile za kompyuta ambazo zinaweza kuwa chache kuliko ulizoendesha?

Kusubiri kunalipwa kuanzia saa ngapi, na je, nalipwa hata kama mwenye mzigo amekataa kuilipa kampuni?

Dizeli ya friji ni ya nani? Wapakuaji wanalipwa na nani, na kama mi ndiye natanguliza, narudishiwa lini?

Mzigo ukikataliwa kwa sababu ya joto, hasara ni ya nani?

Nikitaka kuondoka katikati ya mkataba wa lori, nini kinanifuata?

Halafu mwambie akuonyeshe karatasi za malipo za wiki nane mfululizo, si moja. Mwambie asikuchagulie.

Na haya maswali si ya Marekani pekee. Ukiitwa kazi hapa Nairobi ya teksi za apu, ya mauzo kwa komisheni, ya boda ya mkopo, ni yale yale. Nani analipa mafuta? Nikisubiri nalipwa? Ile namba kwa tangazo ni ya mstari gani?

Wenzangu tunaotengeneza video nao niwaambie kitu. Tuache kupost mstari wa kwanza. Najua wa mwisho hauendi, hauna emoji, hakuna mtu atashea dola 4. Lakini kuna mtu huko nje anauza kitu kwa sababu ya video yako, na kuna mtu mwingine anaandikiwa laki mbili kwa orodha ya harambee.

Video nimeifuta. Shosho alitoka hospitali, anaendelea vizuri. Kwa anti nilienda mwenyewe Jumapili iliyopita, nikamwonyesha hizi hesabu moja moja kwa karatasi. Alizisoma polepole, akavua miwani, akakaa kidogo. Hakuniuliza kuhusu dola. Aliniuliza, "Sasa hizo siku tatu alikuwa amekwama na nyama ya watu, yeye alikula nini?"

Sikuwa na jibu. Kwa zile simu zote, sikuwahi kumuuliza.